Mwaka Niliotunza Makaburi ya Benaco

Tulipomzika Mzee Gaspari kule Mbuba mwezi uliopita, watu walijaa hadi wengine wakakaa chini ya migomba ya jirani. Nilipakuliwa wali na maharage, nikakaa mkekani na wanawake wa umri wangu, na kabla sijafika mbali na ile sahani mmoja wao akanisogelea sikioni. "Leokadia, wewe ulifanya naye kazi. Sasa mzee ameshaondoka, tuambie ukweli. Zile bunduki zilikuwepo?" Nikamtazama. Ni mwalimu mstaafu, mwanamke anayesoma masomo kanisani. Nikamwambia hazikuwepo. Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Haya, dada," na nikajua kwamba hakuniamini, na kwamba nikiinuka tu atawaambia wenzake kuwa mpaka leo naficha. Nilirudi Ngara mjini nimenuna kama mtoto. Tuliokuwepo mwaka ule tunazidi kupungua, na yaliyosemwa yanazidi kuongezeka. Afadhali niandike nilichokiona.

Nilikuwa msichana niliyemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda. Wakimbizi wa vita vya nchi jirani walikuwa wamesharudi kwao, na pale kambini Benaco palipokuwa na mji mzima wa mahema ya plastiki palibaki udongo mwekundu uliokanyagwa ukawa mgumu kama sakafu, visiki vya miti iliyoishia jikoni, vyoo vilivyofukiwa, na makaburi. Shirika moja la nje lilichukua sehemu ya makaburi hayo liyatunze kama yanavyotunzwa makaburi ya askari waliofia ugenini: misalaba ikae kwa mistari, majani yafyekwe, uzio wa minyaa uoteshwe pande zote, na yeyote atakayevuka mpaka kuja kumtafuta ndugu yake apokewe na kuonyeshwa mahali. Mzee Gaspari, ambaye wakati wa kambi alikuwa akichimba makaburi yale yale, alifanywa msimamizi. Mimi niliajiriwa kumsaidia. Mchwa walikuwa wamekula misalaba ya mwanzo, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuandika majina upya kwenye misalaba ya zege, kwa rangi nyeusi na brashi ndogo, na kuwapokea wageni. Wakati wa kiangazi tulilima ukanda mpana kuzunguka uzio ili moto wa porini usivuke. Wakati wa masika tulijaza kifusi, kwa sababu mvua ikinyesha makaburi hutitia, na asubuhi unakuta mistari yote imeingia chini kama vitanda vilivyolaliwa.

Nilipanga chumba kwa Mama Domitila, kando ya barabara kuu. Alikuwa na kilabu cha pombe ya ndizi, na kati ya kitanda changu na kilabu palikuwa na ukuta wa miti na udongo ambao haukufika juu. Nilikula kwake pia. Alinipikia viazi vitamu na maharage, siku nyingine ugali wa mihogo na dagaa, na alikuwa na tabia ya kukaa akinitazama ninavyokula, kama anayetaka kuona nitakula tofauti na watu wengine. "Wewe binti," alinikaribisha hivyo siku ya kwanza, "mtu mzima na akili zake, anatoka Ulaya kuja kulipia makaburi ya watu ambao si wake. Hujiulizi?" Nilimwambia sijiulizi, kazi ni kazi. Akacheka. Lakini jioni nilikuwa nawasikia wateja wake kupitia juu ya ukuta, na wao walijiuliza kwa niaba yangu. Mmoja alisema misalaba ile ni alama za mipaka, wakimbizi watarudi waidai ardhi. Mwingine alisema si kila kaburi lina mtu. Kambini kulikuwa na silaha, kila mmoja anajua, na walipofukuzwa waziweke wapi? "Nakwambia kweri," akasema Mama Domitila, ambaye akikasirika herufi zilimponyoka, "pare chini kuna vitu." Siku hizo magari ya kwenda Biharamulo yalikuwa yakipita pori kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, kwa sababu ya majambazi, na bunduki za majambazi lazima zilitoka mahali fulani. Hoja ile ilinitisha kwa jinsi ilivyokaa sawa. Nililala nikiwaza niliyoyasikia, na asubuhi nikienda kazini nilijikuta nayatazama makaburi kwa jicho ambalo sikuwa nalo nilipofika.

Kila mtu alimshuku mtu. Wasukuma waliokuwa wakiingia na ng'ombe kutoka Shinyanga walishukiwa kwa kuwa ni wageni na hawasemi Kihangaza, lugha yetu. Wao walitushuku sisi kwamba tunataka kuwafukuza. Mwenyekiti wa kijiji alilishuku shirika, na wakaguzi wa shirika, waliokuja na gari lao jeupe na kupiga picha za misalaba, walituuliza maswali kwa namna iliyoonyesha kwamba wanatushuku sisi kuuza saruji. Na mimi nilikuwa na mshukiwa wangu. Nilimshuku Mzee Gaspari, kwa sababu ya Spesioza.

Spesioza alikuja kila mwezi kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye viatu vya plastiki na kikapu kichwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia kambini. Wageni wengine walilia, walisali, waliweka maua ya porini. Yeye alikaa tu chini, miguu ameinyoosha, mbele ya kaburi moja dogo karibu na uzio, akamenya viazi alivyokuja navyo na kula, kama mtu aliyepumzika shambani. Msalaba wa kaburi lile haukuwa na jina, uliandikwa "Mtoto" peke yake. Ilipofika zamu ya kuuandika upya nilimwuliza, "Mama, mtoto aliitwa nani? Niweke na jina." Alimtazama Mzee Gaspari, na mzee akasema haraka, "Andika hivyo hivyo ilivyokuwa." Tangu siku hiyo, kila Spesioza alipotokea barabarani, mzee alikuwa akinituma maji. "Leokadia, kachote maji ya chokaa." Maji yapo, pipa limejaa, natumwa. Nikirudi nawakuta wanazungumza kwa sauti ya chini kwa lugha yao ya mpakani, ambayo naisikia vizuri kwa sababu inakaribiana na yetu, na nikikaribia wananyamaza.

Kisha masika yakaja, na kaburi lile halikutitia. Yale ya kulia kwake yaliingia chini, ya kushoto yaliingia chini, hata ya watoto wachanga yaliingia kidogo. Lile lilibaki limetuna kama lililofukiwa jana. Niliona mimi, na nikanyamaza, lakini vibarua waliokuja kubeba kifusi waliona pia. Walisimama wakaegemea makoleo yao. "Hili mbona halitaki kifusi?" mmoja akauliza. Mzee Gaspari akawaambia udongo wa pale ni mgumu. Jibu lile halikumridhisha mtu yeyote. Jioni, juu ya ukuta, nilisikia: "Nguo inaoza, mkeka unaoza, mtu anaoza, udongo unashuka. Chuma hakiozi." Mimi, nikiwa nimeshika kikombe cha chai kitandani kwangu, nilibaki sijanywa.

Pengine maneno yale yangeishia pale. Lakini haukupita muda lori lilivamiwa porini, njia ya Nyakahura, na dereva akauawa. Alikuwa kijana wa Biharamulo, mcheshi, aliyezoea kusimama kwa Mama Domitila kunywa soda na kumtania kwamba pombe yake ina mbegu za ndizi. Mama Domitila alilia, akavunja chupa. Aliponiletea chakula aliweka sahani sakafuni, akasema bila kunitazama, "Na wewe umekaa unazipaka rangi." Sikujua nani alikwenda kituoni, na mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja tulifika kazini tukakuta askari, wamekuja na kibali, pamoja na mwenyekiti wa kijiji na watu wengi kuliko niliowahi kuwaona pale tangu wakati wa kambi. Mama Domitila alikuwepo, amefunga khanga ya msiba.

Askari mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya taratibu. Akamwuliza Mzee Gaspari, "Mzee, kaburi hili ulilichimba wewe?"

"Nililichimba mimi."

"Ndani kuna nini?"

Mzee alitazama chini. Nilimwomba moyoni aseme mtoto. Neno moja tu. Akasema, "Afande, msilifukue. Nawaomba." Pale umati ukaguna, kwa sababu kila mmoja alikuwa amepata jibu alilolitaka. Na mimi nililipata langu. Nilijiambia, basi ni kweli, na nimekuwa nikila ugali na mtu huyu.

Walichimba vijana wawili, na hawakuchimba sana. Koleo liligusa kitu laini. Wakakitoa kifurushi kilichofungwa kwa plastiki ya bluu, ile ya mahema, kirefu kama mkono wa mtu mzima, na mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Hiyo hapo!" Watu wakarudi nyuma, wanawake wakavuta watoto. Askari akapiga magoti, akakata kamba kwa kisu, akafungua taratibu, mkunjo kwa mkunjo. Kulikuwa na mbeleko. Ndani ya mbeleko kulikuwa na sweta ya mtoto, rangi ya kijani, kaptura, na kofia ya kufuma. Hapakuwa na kitu kingine. Aliikung'uta ile mbeleko, akaingiza mkono wake hadi mwisho wa shimo, akausogeza huku na huku. Nilimtazama Mama Domitila. Alikuwa ameziba mdomo kwa pembe ya khanga. Nilidhani watu wataona haya. Baadhi waliona. Lakini nilipokuwa napita katikati yao nilimsikia mtu akisema, bila hata kushusha sauti, kwamba sasa imethibitika: bunduki zimehamishwa, wameacha nguo za kudanganyia.

Askari alisimama, akajifuta magoti. "Mtoto yuko wapi?" Mzee Gaspari hakujibu. Kwa hiyo wakamchukua, yeye na kile kifurushi, kwa sababu kaburi lisilo na maiti nalo lina maswali yake.

Spesioza alikuja baada ya siku chache, kama desturi yake, na alinikuta peke yangu. Hakuna aliyenituma maji safari hiyo. Niliogopa kumwona anavyolikaribia lile shimo, nikamkimbilia njiani, nikamshika mkono, nikamweleza yote hapo hapo barabarani. Hakulia. Aliuliza, "Nguo ziko wapi?" Nikamwambia ziko kituoni Ngara. "Na Gaspari?" Naye yuko Ngara. Akageuza kikapu chake kichwani, akasema, "Twende." Tulipanda pikipiki ya mwalimu mmoja aliyetuonea huruma, tumebanana watatu.

Kituoni tulimkuta yule yule askari. Aliziweka nguo juu ya meza. "Mama, hizi ni zako?"

"Za mwanangu."

"Mwanao alikufa lini?"

"Sijui."

"Hujui alikufa lini?"

"Sijui kama alikufa." Akazivuta zile nguo kwake, akaanza kuzikunja upya, akisema kwa lugha yake huku anakunja, nami nikimtafsiria askari. "Tulivuka daraja watu wengi sana. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa na mzigo kichwani na mtoto mkononi. Watu wakasukuma. Mzigo niliushika vizuri kuliko nilivyoushika mkono wake. Nilipofika upande huu nilikuwa na mzigo. Nikatafuta kambi nzima. Mwaka mzima. Mwishoni sikuweza kulala wala kula, nikamwomba Gaspari anichimbie mahali niweke nguo zake, ili niseme amekufa, nipumzike. Alikataa. Nikamwomba tena. Nikamwapisha asimwambie mtu, maana ikisikika kaburi ni tupu, wangesema kama walivyosema."

Askari alipigapiga kalamu mezani. Nilitazama uso wake nikaona jambo ambalo sikulitegemea: bado alikuwa anafikiri kama askari, anaunganisha. "Alikuwa na umri gani?" Miaka mitatu. "Mvua ilinyesha siku ile?" Ilinyesha. Akasema kuna familia ya Wasukuma huko Nyakahura. Walikuwa wakiswaga ng'ombe kutafuta malisho, wakamwokota mtoto barabarani siku zile zile za watu kuvuka daraja, wakatoa taarifa Biharamulo, na yeye askari mwenyewe alikuwa zamu kituoni hapo siku hiyo. Waliokuja kumdai, hakuna ambaye maelezo yake yalikubalika. "Sisemi ni yeye, mama. Watoto waliopotea walikuwa wengi. Lakini yupo."

Mzee Gaspari naye aliachiwa jioni ile ile. Tulikunywa chai na maandazi kwenye mgahawa wa mbele ya kituo, watatu. Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nilimdhania vibaya, lakini alinitangulia. "Nilikuwa nakutuma maji ili usijue," akasema. "Mtu asiyejua hawezi kuulizwa." Spesioza hakuwa akitusikiliza. Alikuwa ameweka kifurushi mapajani, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho sikukipenda. Miaka yote ile alikuwa amejitengenezea pumziko, nasi tulikuwa tumelifukua. Alikuwa ameanza kutumaini tena, na ilimuuma, niliona inavyomuuma. Mzee akamwuliza kama azirudishe zile nguo udongoni kesho. Akasema hapana.

Nilikwenda naye Nyakahura kwa sababu Kiswahili chake hakikutosha na kwa sababu nilikuwa na kitambulisho cha shirika. Tuliingia basi la msafara. Ilikuwa siku ya mnada, barabara imejaa ng'ombe na vumbi, na kila tuliyemwuliza kwa Mama Kulwa, mama wa ile familia, jina tulilopewa na askari, alitutazama kwanza kutoka juu hadi chini kabla ya kuonyesha njia. Mama Kulwa alikuwa mwanamke mkubwa, mweusi, mwenye bangili za shaba, na alikuwa anapepeta mtama. Hakuinuka. "Mwangaluka," nikamsalimu kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, kisha nikaongeza shikamoo. "Marahaba." Nilipomweleza tulichofuata aliweka ungo chini.

"Wengine wamekuja hapa," akasema. "Mmoja alisema ana kovu gotini. Mwingine alisema ana alama ya kuzaliwa mgongoni. Mtoto hana kovu wala alama. Niliwafukuza." Akamgeukia Spesioza. "Wako ana alama gani?"

Nilitafsiri, ingawa Spesioza alikuwa ameshaelewa. Alifikiri muda mrefu, na mimi nikaomba apate chochote, hata kijidoa.

"Hana," akasema. "Alikuwa mzima tu."

Mama Kulwa alimtazama, kisha akaita kuelekea zizini. Mtoto alikuja na fimbo ya kuchungia ndama, miguu imejaa vumbi. Jina lake lilikuwa Mabula, la mvua, kwa sababu walimwokota inanyesha. Akatushika mikono, akasema shikamoo kwa sauti ya wimbo kama wanavyofundishwa shuleni. Spesioza alimtazama masikio, paji la uso, vidole vya miguu. Niliyajua macho yale. Ndiyo macho ambayo mwaka mzima nilikuwa nikitazamwa nayo na kutazama nayo, na sikuwa nimewahi kuona mtu anashuku jambo huku akiliombea liwe kweli. Mtoto naye alimtazama yeye kwa mashaka. Hakumkumbuka, hakumkumbuka mtu yeyote. Spesioza akafungua kifurushi, akampa ile sweta. Mabula akaipima kifuani.

"Ndogo," akasema.

"Ulikuwa mdogo," akasema Spesioza.

Mabula hakuhama Nyakahura. Walikubaliana wao wenyewe, pale pale uani, kwamba abaki na wenzake na ng'ombe, na Spesioza awe anakuja kila anapoweza, na likizo mtoto avuke mto akakae naye. Nilikuwa nasikia habari zao kwa miaka mingi. Mtoto alikua akazungumza lugha zote mbili, akaoa, na Spesioza alipokufa ndiye aliyeshika udongo wa kwanza, Mama Kulwa akiwa amesimama nyuma yake. Mimi niliacha kazi ya makaburi mwaka ule ulipokwisha. Shirika lenyewe liliondoka baadaye, na sehemu ya uzio sasa ni shamba la mihogo.

Lakini siku ile hayo yote yalikuwa bado. Siku ile tulikuwa tumekaa uani, mtoto ameshika sweta asiyojua aifanyie nini, na mimi nilikuwa natafuta. Nilitazama pua ya mtoto na pua ya mama, kucha, nywele zinavyoanzia, namna wanavyokaza macho juani. Nilitafuta kwa nia njema na sikuona kitu. Mama Kulwa aliniona natafuta. Akaniinulia kidevu chake.

"Wewe binti wa ofisini, unaonaje? Wanafanana?"

Spesioza hakugeuka. Aliacha tu kupumua, naona hivyo, maana mabega yake yalisimama.

"Wanafanana," nikasema.